Homa Isiyongoja Asubuhi



Nataka kuwaandikia habari ya ugonjwa mmoja uwapatao watoto wadogo, hasa wale ambao hawajatimiza miaka mitano, na zaidi wale ambao wangali wakinyonya. Jina lake ni homa ya uti wa mgongo. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa shule ya msingi katika nchi yetu ya Usukuma, upande wa Bariadi, na kazi yangu ni kufundisha kusoma na kuhesabu. Lakini mwalimu hukaa na watoto wa watu miaka mingi, huwaona wakija na huwaona wakikosa, na yale niliyoyaona, pamoja na yale niliyoyauliza hospitali na kuyasoma, yamenifanya nione kwamba si vema kunyamaza.

Katika mkoa wetu wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, homa si jambo geni. Mvua zikinyesha na maji yakituama katika mbuga zetu nyeusi, kila nyumba huwa na mtu aliyejifunika blanketi mchana. Nasi tumezoea kusema, "Ni malaria." Mara nyingi ni kweli, na malaria yenyewe si ndugu wa mtu, huua watoto, wala haifai kuidharau. Lakini miongoni mwa homa hizo imo moja ambayo mtoto hucheza nayo jioni, na kabla ya jogoo wa pili huwa hamtambui mamaye. Hiyo ndiyo ninayoisema.

Ugonjwa huu ni nini? Ubongo wa mtu, na ule ugwe laini upitao ndani ya mifupa ya mgongo, vimefunikwa kwa ngozi nyembamba, mfano wa utando ulio ndani ya ganda la yai. Katikati ya ngozi hizo hupita maji safi kama ya chemchemi. Vijidudu vya bakteria vikiingia katika maji hayo, ngozi huvimba, maji huchafuka, na ubongo hubanwa ndani ya fuvu. Vijidudu vilivyo maarufu kwa kazi hiyo mbaya ni vitatu: cha kwanza huitwa Hib kwa kifupi, cha pili nimokoki, ambacho pia huleta kichomi, na cha tatu meningokoki, ambacho huzusha maradhi ya mlipuko katika nchi zilizo kwenye ukanda utokao Senegali hata Ethiopia. Vyote vitatu huweza kukaa puani na kooni mwa watu wazima bila kuwadhuru, navyo hupita kwa kikohozi, chafya na mate. Kwa mtoto aliyezaliwa juzi vijidudu aghalabu huwa vingine, ambavyo huenda aliambukizwa na mamaye wakati wa kuzaliwa. Basi ugonjwa huu hauletwi na jicho la jirani, wala na ndege apitaye juu ya paa usiku.

Mtu mzima akishikwa na homa hii husema, "Kichwa chaniuma, shingo imekaza, mwanga waniumiza macho." Mtoto wa miezi sita hasemi kitu. Yeye hukataa ziwa. Hutapika kila anachopewa. Hulia kilio chembamba kisichofanana na kilio chake cha kila siku, na akibebwa, badala ya kunyamaza, huzidi kulia, kwa kuwa kuguswa kwamwumiza. Au hulegea akalala usingizi usio wa kawaida, hata ukimwita hageuki. Utosi wake, kama haujafunga, hutuna. Mara hushikwa na mtukutiko wa mwili, macho yakageuka juu. Tena mzazi asijifariji akisema, "Shingo yake ni laini, basi si ugonjwa huo". Kwani kwa watoto wachanga shingo huenda isikaze kabisa. Hata moja tu la mambo haya latosha kumwondoa mtoto nyumbani saa ile ile.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu sita wapatao homa ya uti wa mgongo iletwayo na bakteria, mmoja hufa; na katika kila watano, mmoja hubaki na madhara makubwa. Lakini ugonjwa huu una dawa. Hilo ndilo jambo lililonisukuma kuandika. Dawa ipo, nayo ni ya sindano, hutiwa kwa muda wa wiki moja au zaidi, na mtoto apewaye mapema ana tumaini kubwa kuliko yule apewaye kesho yake. Kumbe basi tunachokikosa mara nyingi ni saa. Nimetazama kwa miaka mingi, nami nimeona mambo matatu yanayotuibia saa hizo.

La kwanza ni lile neno "malaria". Mtoto akipata homa, hununuliwa vidonge dukani, nasi husubiri tuone. Akipelekwa kupimwa na kipimo kikasema ana vijidudu vya malaria, kila mtu huridhika. Lakini katika nchi kama yetu mtoto aweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu na huku homa ya uti wa mgongo iko kichwani. Kuwapo kwa mmoja si ushahidi wa kutokuwapo kwa mwingine. Na kinyume chake, wengi walioitwa wagonjwa wa malaria hawakuwa nayo. Mwaka 2004 palitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wametibiwa kama watu wenye malaria kali. Damu yao ilipotazamwa kwa uangalifu, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 2,062 tu, yaani hawakufika nusu. Hao wengine walikuwa wakiumwa, tena sana, ila kwa ugonjwa mwingine. Basi mtoto akitumia dawa ya malaria na akawa hanyonyi, au hazinduki, au atukutika, asiongezwe vidonge vingine, apelekwe mbele.

La pili ni hofu ya sindano. Sehemu nyingi za nchi yetu watu husema kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa, basi kwanza apelekwe kwa mganga wa kienyeji, afukizwe na kuoshwa kwa dawa, na degedege likitulia ndipo aende hospitali. Nimewasikia wazee wenye busara wakisema hivyo, wala siwacheki. Wao hawakutunga uongo. Walisimulia yale waliyoyaona. Mtoto alitunzwa nyumbani siku ya kwanza, akafukizwa siku ya pili, akafikishwa kwa daktari siku ya tatu akiwa hana nguvu hata ya kulia; akadungwa sindano, akafa. Waliokuwapo waliona sindano ikiingia na roho ikitoka, wakaunganisha mawili hayo. Lakini tuulize, ni nini kilichomwua? Ni sindano ya siku ya tatu, au ni ugonjwa ulioachwa siku mbili ufanye upendavyo? Mtu akifika na ndoo ya maji nyumba ikiwa imekwisha kuteketea, paa likianguka mbele yake, hatusemi kwamba maji ndiyo yaliyoliangusha.

Tena yafaa tukumbuke kwamba hofu ya wazee ina historia. Zamani, kabla ya dawa za salfa za miaka ya 1930, na kabla ya penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mjini London mwaka 1928 na ikaenea miaka ya 1940, karibu kila mtoto aliyeshikwa na homa hii kwa Hib au kwa nimokoki alikufa, hata Ulaya na Marekani, hata katika hospitali zilizo bora. Aliyesema siku zile kwamba ugonjwa huu hauna dawa alisema kweli. Leo neno hilo si kweli tena.

Katika hofu hiyo ya sindano imo nyingine, nayo ni ile ya kuchukua maji ya mgongoni. Daktari akitaka kujua kwa hakika, huingiza sindano nyembamba kiunoni, kati ya mfupa na mfupa, akatoa matone machache ya yale maji niliyoyataja. Yakiwa safi kama ya chemchemi, hilo ni tumaini jema, ijapokuwa yatapimwa bado; yakiwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, jambo limejulikana. Njia hii ilionyeshwa na daktari Heinrich Quincke huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1891, na tangu hapo hutumika duniani kote. Wazazi wengi huikataa, wakisema kwamba humpoozesha mtoto au humwua. Lakini ule ugwe wa mgongoni huishia juu kidogo ya mahali hapo, na sindano huingia chini ya mwisho wake, palipo maji na nyuzi ndogo za neva tu. Waliokufa baada ya kupimwa hivyo walikuwa ndio wagonjwa waliozidiwa kuliko wote. Ndiyo sababu walipimwa. Daktari naye si mtu wa pupa: akiona mtoto hawezi kustahimili kipimo, huanza na dawa, na kipimo hufuata baadaye. Mzazi ana haki ya kuuliza, "Bwana Daktari, wataka kufanya nini, na kwa nini?" Aulize, aelezwe, kisha akubali.

La tatu ni kungoja ruhusa, na katika hili nitasimulia jambo lililotokea katika ukoo wetu. Mdogo wangu alikuwa amekwenda na ng'ombe upande wa Meatu, naye alimwacha mkewe na mtoto wa kike wa miezi tisa. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Jioni moja mtoto akapata homa, akapewa dawa, akalala. Usiku wa manane akaanza kutukutika, na alipotulia hakulishika ziwa. Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Shemeji yangu akamwendea baba mkubwa wa mumewe, mzee wetu katika mji ule, akapiga magoti, akasema, "Baba, mtoto amezidiwa, nipe ruhusa nimpeleke Bariadi."

Mzee akajibu, "Mwanangu, mtoto ana baba. Baba yake hajui habari. Tena hilo ni degedege, na usiku huu utampeleka akadungwe? Ngoja kukuche, tutampata kwa simu."

Mama yangu alikuwa ameketi hapo mlangoni akisikiliza. Yeye ni mtu wa maneno machache, wala sijamwona akimpinga shemeji yake mkubwa mbele ya watu. Usiku ule alisimama, akafunga kanga yake, akasema, "Shemeji, nakuheshimu. Baba wa mtoto huyu nilimzaa mimi. Akija kuuliza ni nani aliyetoa ruhusa, nitajibu mimi." Akamwambia kijana wa jirani alete pikipiki yake. Fedha hazikuwapo, kijana akasema italipwa pamba ikiuzwa. Basi wakaondoka watatu juu ya pikipiki ile, kijana, shemeji yangu, na mtoto amefungwa kifuani mwa mamaye, katika njia ambayo mchana tu ni taabu kuipita.

Nami niliitwa, nikawafuata kulipopambazuka. Nilikuta mtoto amekwisha kupimwa. Malaria ilikuwapo katika damu yake. Lakini daktari wa zamu hakutosheka, kwa kuwa utosi ulikuwa umetuna, akaomba kutoa maji ya mgongoni. Shemeji yangu akakubali, huku akitetemeka. Maji yalitoka na ukungu. Mtoto alilala hospitali siku kumi na moja, akatibiwa magonjwa yote mawili. Siku ya nne alilishika ziwa. Leo anasoma darasa la pili, na masikio yake, ambayo yalipimwa kwa ajili ya ugonjwa ule, ni mazima. Yule mzee wetu alimpokea kwa furaha kuliko sisi sote, akampa mbuzi. Hakuwa mtu mwovu; alishika desturi aliyoipokea, ya kwamba mtoto ni wa baba na neno la mwisho ni la baba. Desturi hiyo ina mahali pake. Lakini ugonjwa huu haumngoji baba arudi malishoni.

Hata mtoto akipona, macho yetu yasilale. Homa hii huacha alama zisizoonekana. Wengine hubaki na kifafa, wengine na ulemavu wa viungo, wengine na uzito wa kujifunza, na wengi hupoteza kusikia. Waalimu wenzangu, hapa nasema nanyi hasa. Mwaka mmoja mama mmoja aliniletea mwanawe aandikwe darasa la kwanza, akasema, "Mwalimu, mtoto huyu hasikii. Tumempiga mpaka tumechoka." Katika lugha yetu neno "hasikii" lina maana mbili, nasi huifikiria moja tu, ile ya ukaidi. Nikamwuliza kama mtoto aliwahi kuugua sana. Akasema, ndiyo, alipokuwa na miaka miwili alishikwa na degedege, wakakaa naye nyumbani siku tatu, kisha hospitali akapona. Nikasimama nyuma ya mtoto, nikapiga meza kwa rula kwa nguvu. Watoto wote wakashtuka. Yeye aliendelea kulitazama dirisha.

Mama yake alilia pale pale, wala si kwa sababu ya uziwi tu, ila kwa kukumbuka fimbo zote zile. Nilimwambia kwamba hakuna aliyemweleza, na mtu hajui asichoelezwa. Basi kila mtoto aliyetoka katika homa hii apimwe masikio kabla ya kuachwa na hospitali au mara baada ya hapo. Na mwalimu amwonapo mwanafunzi atazamaye midomo ya watu, au aitikaye tu akiguswa, asishike fimbo; aulize historia yake, amketishe mbele, na ampeleke jina lake kwa afisa wa elimu maalum wa halmashauri, ili apate kufundishwa kwa lugha ya alama kungali mapema.

Sasa niseme juu ya chanjo, kwani kuzuia ni bora kuliko kutibu. Tanzania ilianza kuwapa watoto kinga ya Hib mwaka 2009, ndani ya ile chanjo iitwayo pentavalenti, ambayo hukinga pia dondakoo, pepopunda, kifaduro na homa ya ini. Kinga ya nimokoki ikaanza kutolewa mwaka 2013. Zote mbili hutolewa mtoto akiwa na majuma 6, kisha 10, kisha 14, wala mzazi halipi kitu. Je, zafaa kitu? Tazameni majirani zetu wa Kenya, walioanza chanjo ya Hib mwaka 2001. Huko Kilifi, katika pwani, waganga walihesabu watoto wa chini ya miaka mitano. Kabla ya chanjo, katika kila watoto laki moja, waliopata maradhi makali ya Hib kwa mwaka walikuwa 66. Miaka michache baadaye, mwaka 2004 hata 2005, hawakufika 8. Watoto wale hawakuhama, wala hali ya nchi haikugeuka. Kilichoongezeka ni chanjo ile.

Kwetu kazi ngumu ni kuikamilisha. Mtoto hupata ya kwanza, kwa kuwa mama bado yuko nyumbani baada ya kujifungua. Ya pili huja wakati wa palizi. Ya tatu hukuta familia imehamia shamba la mbali au malishoni. Kadi ya kliniki ikabaki na nafasi wazi. Wapenzi, ichukueni kadi hiyo pamoja nanyi muendako. Zahanati yoyote itaendelea pale palipokomea. Wala asiwepo mtu wa kusema, "Mtoto wangu amechanjwa, basi homa hii haimpati." Chanjo hizi hufunga milango mikubwa, lakini haifungi yote, vijidudu vya watoto wachanga na meningokoki havimo ndani yake. Aliyechanjwa naye akionyesha dalili, apelekwe.

Tuna methali isemayo kwamba haraka haraka haina baraka, nayo ni njema kwa mwenye kujenga nyumba au kutafuta mchumba. Kwa ugonjwa huu tushike ile nyingine, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Na mtu atakaye kumwombea mtoto, amwombee akiwa njiani. Mungu humsikia hata aliye juu ya pikipiki.

Neno langu la mwisho ni hili. Leo jioni, watoto wakiwa wazima na wamekwisha kula, mume na mke wakae na wazee wa mji, wakubaliane mambo manne: mtoto akizidiwa usiku na baba hayupo, ni nani atakayesema "nendeni", ni pikipiki ya nani itakayoitwa, fedha kidogo ya safari itawekwa wapi, na kadi ya kliniki inakaa mahali gani. Mazungumzo hayo hayachukui muda mrefu. Nyumba iliyokwisha kuyazungumza haitapoteza usiku kwa kubishana mlangoni, na mama mwenye mtoto mikononi hatahitaji kupiga magoti ili apewe njia.